Miche ya Kujazia Mapengo

Barua niliyopewa haikusema nimefukuzwa. Ilisema nimepunguzwa. Miaka miwili sasa natembea na neno hilo, nalipandisha na kulishusha vilima vya Sigi, na jembe limenifundisha maana yake kuliko ofisi. Huku kwetu tunapunguza miche. Ukisia mchicha au karoti tutani, mbegu huota zimesongamana; kisha asubuhi moja, ardhi ikiwa bado na unyevu, unapita na vidole viwili, unang'oa hapa, unaacha pale. Mche unaong'olewa haukuwa na ugonjwa. Ulisimama tu mahali ambapo jirani yake alihitaji nafasi. Mwenye shamba hauchukii. Anautupa pembeni, anakwenda zake kunywa chai.

Nilikuwa karani wa stoo katika kampuni moja mjini Tanga kwa miaka 11. Siku ya barua tuliitwa watu 12, mmoja mmoja, na kila aliyetoka alikuwa na bahasha ya kaki. Wiki tatu zilizopita nikapigiwa simu. Sauti ilikuwa ya kijana nisiyemfahamu, ofisa rasilimali watu. Alinipa shikamoo vizuri, akaniulizia hali ya nyumbani, kisha akasema kazi zimeongezeka, stoo imezidiwa, na jina langu limetajwa. "Tunakukaribisha urudi nyumbani, mzee wangu," alisema. Nikaomba muda wa kufikiri. Akanipa mwezi.

Jambo hilo nalo lina jina lake shambani. Mkulima mwenye akili hapandi miche yote. Hubakiza kitaluni michache ya akiba, ili mingine ikifa shambani apate ya kujazia mapengo. Mche wa namna hiyo hauna cha kuona haya. Lakini uking'olewa mara ya pili, mizizi ikiwa imeshashika udongo mwingine, hunyauka siku kadhaa kabla ya kujua kama utapona. Ndiyo maana sikumjibu yule kijana palepale.

Ngoja nieleze nilipo. Sigi iko chini ya mlima wa Amani, upande wa Usambara Mashariki, kwenye barabara inayotoka Muheza ikipita Kisiwani. Watu wengine huandika Zigi, na wote wako sawa. Enzi za Wajerumani hapa palikuwa mwisho wa reli ndogo iliyochepuka kutoka Tengeni kuja kuchukua magogo ya msitu. Reli iling'olewa zamani sana. Nyumba ya stesheni ipo mpaka leo, na sasa ndipo wanapofikia wageni wa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, iliyotangazwa 1997. Nikipita pale huwa naitazama kwa heshima. Ni nyumba iliyojengwa kungoja treni, treni ikaacha kuja, na nyumba ikapata shughuli nyingine bila kubomolewa.

Niliporudi kijijini na bahasha yangu, watu wazima walinipokea kwa methali ile: ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini. Ilinifariji. Nilikula fenesi, nikalala, nikaoga mtoni kama mtoto. Mto huu nilikuwa nao hata mjini, maana ndio unaoshuka hadi bwawa la Mabayani na kutoka humo kufika kwenye mabomba ya Tanga. Miaka 11 niliyokaa mjini nilikuwa nakunywa maji ya kwetu kwa kulipia ankara. Lakini methali ile ina kitu haikisemi. Haisemi guu likipona ng'ombe afanye nini.

Guu langu limepona kwa fedha za kiinua mgongo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya 2004, inamtaka mwajiri anayepunguza watu atoe taarifa mapema, aeleze sababu, na ashauriane na wafanyakazi au chama chao. Inamtaka pia alipe kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka wa kazi uliokamilika, ukomo ukiwa miaka 10. Miaka yangu 11 ikahesabiwa 10, zikawa siku 70. Nililipwa kwa wakati, na kwa hilo sina lalamiko. Nilinunua vipandikizi vya pilipili manga, nikavipanda kwenye mashina ya miti ya marehemu baba, nikaongeza mdalasini mpakani. Pilipili manga haina haraka. Unaifunga kwenye mti kwa kamba za migomba, unaielekeza, unaifunga tena ikipanda, na mavuno ya maana huanza kuonekana mwaka wa tatu. Yangu sasa ina miaka miwili.

Mnaona basi simu ilivyonikuta. Ingekuja mwaka wa kwanza, ningerudi mbio bila viatu. Ingekuja mwaka wa tano, labda ningecheka na kumshukuru kijana wa watu. Imekuja wakati pilipili imeshashika mti na bado haijazaa.

Mke wangu alinisikiliza usiku ule mpaka mwisho. Kisha akasema mtoto wetu mkubwa anakwenda kidato cha tano, bweni, mkoa wa mbali; serikali imeondoa ada, lakini godoro, nauli na sare havikuondolewa. Hakusema nirudi wala nisirudi. Alizima taa. Nikabaki gizani nikijua kwamba hoja yake ni nzito kuliko zangu zote, na kwamba hata hivyo haimalizi jambo, kwa sababu kama ni fedha tu ningekuwa nimeshajibu.

Kilichokuwa kikinisumbua ni lile neno "nyumbani".

Katika stoo mtu hujifunza kutochanganya leja. Mali iliyonunuliwa ina kitabu chake, mali ya mteja iliyowekwa kwa muda ina kitabu chake. Ukiandika kimoja katika kingine, hesabu ya mwisho wa mwaka itakuumbua. Mimi ofisini nilikuwa makini kupita kiasi, na katika maisha yangu mwenyewe nikachanganya. Kuna Ijumaa sikwenda kumzika shangazi yangu kwa sababu kontena lilikuwa limeingia na hakuna mwingine aliyejua mpangilio wa rafu. Kuna usiku wa kuhesabu mali niliolala juu ya magunia na sikuandika saa za ziada, nikisema moyoni kwamba kampuni ni yetu. Hakuna aliyenilazimisha. Walikuwa wakituita familia kwenye sherehe za mwisho wa mwaka, nasi tulipiga makofi, na mimi nilikuwa nimeamini. Nilitoa kama ndugu, kisha siku ya hesabu nikalipwa kama mfanyakazi, sawasawa na sheria, na ule upande mwingine haukuwa umeandikwa popote. Nani angeulipa? Shangazi yangu hawezi kuzikwa tena.

Katika ukoo mtu hapunguzwi. Anaweza kugombwa, kunyimwa urithi, hata kususiwa, lakini siku ya msiba atatafutwa. Kwa hiyo yule kijana aliposema "nyumbani" alitaja kitu ambacho mwajiri wake hana uwezo wa kukitoa. Simlaumu. Alikuwa anatafuta neno la upole, na Kiswahili chetu kikitafuta upole mara nyingi hukimbilia undugu.

Babu yangu hakuwa na tatizo hili. Alitoka Songea akiwa kijana, akaja mashamba ya mkonge ya huku Muheza kama manamba, mtu anayeitwa kwa namba. Wenye mashamba walikuwa na ofisi yao ya kuwakusanya watu kutoka mikoa ya mbali, Silabu, iliyoanzishwa 1944. Mkataba ulihesabiwa kwa kipande, kadi ya siku 30 za kazi. Siku isiyotiwa alama ilikuwa haipo. Babu alimaliza mkataba, akaenda kwao, akarudi. Alifanya hivyo mara tatu, na shamba likiwa lilelile. Sisi wajukuu tulidhani alilipenda. Tulipomuuliza, alitueleza mambo matatu aliyokuwa akiyachunguza kabla ya kuweka kidole gumba: posho ya chakula ikoje, mnyapara ni nani, na kazi ya siku ni matita mangapi. Kama shamba limeharibika katika mojawapo, alisema, habari zilikuwa zikifika Songea kabla ya lori.

Enzi ile haikuwa njema, wala sitaki mtu adhani naitamani. Watu walisafirishwa kama mizigo na wengine hawakurudi kwao kamwe. Nusu ya majina ya ukoo ninayoyasikia sokoni Muheza yametoka kusini au magharibi ya nchi. Lakini babu alijua mpaka uko wapi kati ya kazi na nyumba. Kila mara aliporudi alirudi kwa kipande kipya. Kile cha zamani kilikuwa kimefungwa, hakikumdai na hakukidai. Na mkonge ulipoanguka, maana nchi iliyokuwa ikitoa tani zipatazo 230,000 mwaka 1964 ilifika kwenye tani 20,000 hivi mwishoni mwa miaka ya 1990, nyuzi za plastiki zikiwa zimeshika soko, babu alihuzunika kwa ajili ya vijana waliokosa kazi. Hakuhuzunika kama mtu aliyeachwa na mzazi.

Sasa nitamtendea haki na yule mimi wa zamani. Kujipima kwa kipande peke yake hakunitoshi. Niliipenda ile kazi. Nilipenda kufungua mlango wa stoo saa moja na nusu, harufu ya makatoni na grisi ikanipokea, nikajua kwamba katika rafu elfu moja hakuna kitu nisichoweza kukifikia nikiwa nimefumba macho. Mtu akisema kazi ni mshahara tu, anawatukana mafundi wote niliowahi kuwaona. Baba alikuwa akichonga mipini ya majembe kwa watu wasioweza kulipa, na bado aliipiga msasa. Swali ni namna ya kuipenda kazi bila kumpa mwenye kazi hati ya moyo wako, na sijui kama kuna shule inayofundisha hilo.

Juu yetu hapa, kilomita chache za kona, kuna Amani, na Amani ni mahali ambapo waajiri wamepita kama misimu. Wajerumani walianzisha taasisi yao ya utafiti wa mimea na kilimo mwaka 1902. Waingereza wakaichukua. Mwaka 1948 kilimo kikahamishiwa Muguga, Kenya, na baadaye majengo yakawa ya utafiti wa malaria, chini ya huduma za pamoja za Afrika Mashariki. Wapishi, watunza bustani na wasaidizi wa maabara walibadilishiwa bendera ya mwajiri bila kuhama nyumba. Kisha Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977.

Wasomaji wa umri wangu wanakumbuka kilichofuata. Watumishi wa Jumuiya, watu wa reli, bandari, posta, ndege na utafiti, walidai mafao yao kwa miongo. Makubaliano ya kuwalipa waliokuwa upande wa Tanzania yalipatikana mwaka 2005, na hata baada ya hapo wengine waliendelea kusema hawakutendewa haki. Katikati ya kungoja kwao, Jumuiya yenyewe ilifufuka. Mkataba ulitiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999, ukaanza kazi Julai 2000. Jina lilikuwa lilelile, na fahari ni ileile. Mimi ni miongoni mwa waliofurahi, na bado nafurahi. Lakini fikiria mzee aliyetoa ujana wake kwa jina hilo, ameketi barazani na redio, anasikia kwamba mwajiri wake yu hai, amepata ofisi mpya, anaajiri, naye bado ana faili la madai chini ya godoro.

Nilipolifikiria hilo nikajiuliza nitakuwa narudi kwa nani hasa. Meneja aliyesaini barua yangu ameshaondoka. Yule kijana wa simu, siku ninapunguzwa, huenda alikuwa bado chuoni. Hakuna mtu pale mwenye mdomo wa kuniomba radhi, na hakuna ninayeweza kumnunia. Kilichobaki ni jina ukutani na rafu nilizozipanga. Kama nilikuwa nangoja neno la kutuliza moyo kabla sijakubali, nitangoja sana. Hilo lilinipunguzia mzigo kuliko nilivyotegemea. Kinyongo kinahitaji mtu; kikikosa mtu hukaa kwa mwenyewe na kumla.

Kuna jambo jingine nililoliona Bumbuli, upande wa Lushoto, nilipokwenda arusini. Kiwanda cha chai cha Mponde kilifungwa 2013 baada ya mgogoro wa wakulima na mwekezaji, serikali ikakirejesha mikononi mwake 2016, na ukapita muda mrefu kabla hakijashikwa na mifuko ya hifadhi ya jamii ili kifufuliwe. Mchai hauvumilii kusahauliwa. Tunauona kila siku ukiwa kichaka cha kimo cha kiuno kwa sababu mikono haiuachi. Ukiachwa, unakuwa mti, unarefuka hadi mchumaji haufikii. Wenye mashamba wengine walikuwa wameshapanda mahindi na maharage katikati. Ili mti huo urudi kuwa mchai wa kuchumwa, unakatwa karibu na shina, unabaki kisiki, na unangoja miezi bila jani la kuuza. Hakuna namna ya kuurudisha kwa kuuchuma tu pale ulipofikia. Nilimtazama mzee mmoja akipita na panga katikati ya miti yake, akiamua upi aukate na upi auache uwe kuni, na hakuonekana kuwa na haraka wala hasira.

Katika stoo tulikuwa na kanuni ninayoiheshimu mpaka leo. Mali iliyorudishwa haiingii rafuni moja kwa moja, hata kama ni ileile iliyotoka jana na boksi halijafunguliwa. Inawekwa pembeni, inakaguliwa, inaandikiwa hati mpya ya kupokelewa yenye tarehe ya siku hiyo. Karani mvivu huirudisha kimya kimya mahali pake pa zamani, na miezi sita baadaye anashangaa hesabu zinapishana. Nami niliandika yangu, kwenye daftari la mwanangu. Mkataba wa maandishi, muda wake uonekane. Saa za ziada ziandikwe na zilipwe. Mazishi ni mazishi, nitakwenda. Na nianze baada ya mavuno ya kwanza ya pilipili, si kabla. Kama pengo lao haliwezi kungoja, wamtafute mwingine, na nitamtakia heri.

Nilikuwa karibu kulifunga daftari, ila tuliopunguzwa tulikuwa 12. Katika hao, walioitwa kurudi ni wawili, mimi na fundi wa magari. Dada wa mapokezi hakuitwa. Wapakiaji hawakuitwa. Mzee wa lango, aliyekaa pale kuliko sisi sote, aliyekuwa akijua magari yote kwa mlio, hakuitwa, na umri wake haumpi tumaini la kuitwa. Siku ile ya bahasha alitushika mkono sisi wengine 11 tukitoka, kisha akafunga lango na kutoka mwenyewe. Nikirudi, nitapita pale kila asubuhi. Je, ni usaliti? Nimekaa na swali hili kuliko yote. Mche unaojazia pengo haukuing'oa ile mingine, lakini mche hauna macho, na mimi ninayo.

Jumamosi nikapanda pale juu penye mtandao, nikampigia mzee wa lango. Yuko kwao Pongwe, anauza nazi. Tulisalimiana kwa kirefu. Nikamwambia ukweli wote: simu, mshahara, pilipili, mtoto wa bweni, na kwamba nafsi inaona haya kuingia lango lile yeye hayupo.

Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Nenda, mwanangu. Kazi haina kosa." Nikadhani amemaliza. Akaendelea, "Ila ukifika, niangalizie kile kiti. Kile cha mbao chenye mto wa bluu. Nilikinunua mwenyewe Ngamiani, nikatoa fedha yangu. Siku ile sikukumbuka kukichukua."

Nilirudi nyumbani nikafungua daftari. Chini ya masharti yangu manne nikaongeza la tano, nikaeleza kiti kilivyo, rangi ya mto wake, na mahali kilipokuwa kikikaa, upande wa kulia wa lango kwa anayeingia. Nikaandika kwamba ni mali ya mtu, na kwamba nitakuja kukichukua siku ya kusaini.